Gunia la Sukari

Msimu wa korosho wa mwaka 1996 nilishuka Masasi kutoka Newala nikiwa na fedha zote za mauzo yangu mfukoni. Miaka ile mkulima wa korosho wa uwanda wa Makonde alipata fedha mara moja kwa mwaka, na hizo hizo zilitazamiwa kununua chumvi, sabuni, mafuta ya taa, madaftari ya watoto, na salfa ya kupuliza mikorosho ikianza kutoa maua. Ilikuwa shuka moja ya kufunika watu sita: ukivuta huku, kule miguu i nje.

Mwenye duka la jumla alinipigia hesabu. Kwa fedha ya kilo 40 za rejareja, ningepata gunia zima la kilo 50. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikachukua gunia, nikaongeza katoni mbili za sabuni na debe la mafuta ya kula, nikapanda lori nikijiona mjanja kuliko abiria wote.

Mke wangu alilitazama gunia likishushwa, akauliza neno moja tu:

"Baba watoto, sukari tumeiona. Salfa je?"

Nikamjibu kwamba Juni bado ni mbali.

Gunia halifichiki. Uji uliotiwa kijiko kimoja ukatiwa vitatu. Majirani wakaja na vikombe, na jirani hanyimwi ilhali gunia analiona. Kufika Machi lilikuwa tupu, tukarudi kununua kwa kilo. Juni ikafika, fedha ya salfa hakuna. Ubwiri unga ukaingia kwenye maua ya mikorosho, yakakauka na kupukutika, nikavuna chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Kilo 10 nilizookoa dukani nilizilipa kwa magunia ya korosho.

Kununua kwa jumla si kosa, la hasha. Kosa langu lilikuwa kupima unafuu kwa bei ya kilo peke yake, bila kuuliza kitu kitadumu kwa muda gani, na kipi kitakosekana kwa ajili yake.

Baadaye tulijiunga kaya tano. Kwanza kila mmoja alitenga fedha ya salfa na ya shule, ikawekwa mbali. Iliyobaki tukaichanga. Mtu mmoja akashuka Masasi kwa niaba yetu, akaleta gunia la sukari, gunia la chumvi, katoni za sabuni na debe la mafuta, tukagawana uani kwa mizani. Sukari ikawa kilo 10 kila kaya. Bei ilikuwa ile ile ya jumla, nauli ya mtu mmoja, na kila nyumba ikapata vitu vinne kwa fedha ambayo peke yake isingetosha hata gunia moja.

Ndugu msomaji, bei nafuu ikikuita, itikia polepole. Mimi hadi leo, kila nisimamapo mbele ya duka la jumla, husikia sauti ya mke wangu: "Salfa je?"