Matairi ya misimu yote: misimu ipi hiyo?

Ni wiki nyingi tangu niandike hapa, na wengine wenu mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kulima. Sijaacha. Ila leo sitaandika juu ya programu wala seva. Nitaandika juu ya matairi ya gari. Vumilieni kidogo, tarakimu na misimbo zinakuja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kununua matairi manne ya Vitz yangu. Yale niliyokuwa nayo niliyanunua mwishoni mwa 2019, na ingawa meno bado yapo, mbavuni yameanza kufanya nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka. Kijana wa dukani akanitolea aina mbili za kipimo changu, 165/70R14. Aina moja ilikuwa ghali kuliko nyingine kwa shilingi 1,500 kila tairi. Nikamwuliza tofauti ni nini.

"Hii ya bei ni ya misimu yote, bosi. Mvua, jua, baridi, yote sawa."

Zamani ningelipa papo hapo. Nani asiyetaka kitu cha misimu yote? Lakini mimi na misimu ya matairi tuna kisa chetu, na kisa hicho nusura kimpeleke mama yangu hospitali.

Gari hili nililinunua mapema 2019, likiwa limetoka Japani. Mnajua sheria yetu, gari la mtumba lisizidi miaka 8, nami nikapata la 2012, safi, rangi ya fedha. Muuzaji alinipigia kifua juu ya matairi. Akasema ni ya huko huko Japani, meno yamejaa, na kwamba tairi la Japani lililotumika ni bora kuliko jipya la hapa. Maneno haya kila Mkenya mwenye gari ameyasikia, na wengi tunayaamini. Ubavuni mwa tairi mlikuwa na neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Msinicheke, lakini mimi, mtu ninayelipwa kusoma maandishi madogo ya kompyuta, nilidhani hilo ni jina la tairi tu.

Miezi ya kwanza sikuona neno. Gari lilivuma kidogo kwenye lami, na kwenye kona lilikuwa kama linakanyaga godoro, nikasema labda ndivyo Vitz zilivyo. Halafu ikaja vuli ya 2019. Mnaikumbuka ile mvua. Ilinyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba kama iliyosahau kwao. Jumapili moja ya Novemba nilikuwa nimemchukua Mama kutoka nyumbani Limuru kumleta Nairobi. Barabara wakati huo ilikuwa ikipanuliwa kati ya James Gichuru na Rironi, kwa hiyo kulikuwa na michepuko, matope na mashimo. Karibu na Kinoo matatu iliyokuwa mbele ikasimama ghafla kuchukua abiria. Mimi sikuwa na kasi, labda kilomita 50 kwa saa, na nafasi ilikuwa ya kutosha. Nikakanyaga breki.

Kanyagio likatetemeka chini ya mguu, tatatatata, yaani breki zilikuwa zinafanya kazi yake, lakini gari liliendelea kwenda. Si kwa kasi. Lilikuwa linateleza polepole, na mimi nina muda wote wa kusoma maandishi ya nyuma ya ile matatu. Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akaushika mkono wangu, kama alivyokuwa akifanya tukivuka barabara nikiwa mtoto. Nilikata usukani kushoto, tukaingia kwenye lundo la murram la wajenzi, tukasimama hapo. Bampa ilivunjika, taa moja ikaenda. Mama aligonga goti kwenye dashibodi, akachechemea wiki mbili.

Alipopata sauti aliniuliza, "Mwanangu, wewe hukukanyaga breki?"

Nilikanyaga, Mama. Sikuwa na jibu jingine.

Aliyenipa jibu ni fundi wa pancha, siku mbili baadaye. Aliinama, akapitisha kidole kwenye meno ya tairi, akasema, "Bosi, haya ni ya barafu. Magari mengi yanakuja nayo. Wewe unaona meno mengi unafurahi, lakini kwetu hayashiki."

Nikaenda kusoma usiku kucha. Ilikuwa hivi. Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira laini usiokauka kwenye baridi kali, na kila jino limekatwa vipasuo vyembamba kama vya wembe ili liume theluji na barafu. Tairi la kawaida, ambalo wao huliita la kiangazi, huanza kuwa gumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Ndiyo maana wenzetu hubadilisha. Lakini lile laini ukilipeleka kwenye lami yenye joto, meno hucheza na kupinda, breki huchukua umbali mrefu zaidi, na mpira huisha upesi. Kwetu Nairobi, Julai tunapovaa makoti mawili na kulalamika, usiku kwa kawaida huwa nyuzi 11 au 12. Hata Limuru, nyuzi 7 ni habari ya alfajiri chache tu.

Hilo neno STUDLESS maana yake ni tairi la barafu lisilo na misumari. Wajapani walikuwa wakitumia matairi ya misumari, yakachimba lami mpaka vumbi lake likawa tatizo la afya mijini, na mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuyazuia. Hapo haya ya mpira laini ndiyo yakashika soko. Gari langu, nilipoitafuta karatasi yake ya mnada, lilikuwa limeuzwa Sapporo, mwezi Januari. Mwenyewe aliliuza likiwa limevaa makoti yake. Matairi yake ya kawaida bila shaka yalibaki kwenye stoo fulani huko Hokkaido. Ubavuni mlikuwa pia na herufi Q baada ya kipimo, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, na herufi hiyo huonekana sana kwenye matairi ya aina hii. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Ni mimi sikusoma.

Sasa tuje kwenye tarakimu nilizoahidi. Matairi mengi yana msimbo unaoanza na herufi DOT, na mwisho wake ni tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yangu yalisomeka 3514, wiki ya 35 ya 2014. Niliandika programu ndogo ya Python, mistari kumi na miwili, unaipa tarakimu nne inakupa umri. Inakataa wiki inayozidi 53, maana kuna siku nilisomewa msimbo kinyumenyume na mtu aliyelala chini ya gari. (Ukikosa tarakimu hizo usikate tamaa. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati mbaya upande huo hupenda kuangalia ndani.) Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: kabla ya mwaka 2000 msimbo ulikuwa na tarakimu tatu. Wiki, kisha tarakimu moja ya mwaka. Yaani 358 inaweza kuwa 1988 au 1978, utajua mwenyewe! Sisi watu wa programu tulisumbuliwa na mwaka 2000 kwa kubana tarakimu mbili, na wenzetu wa matairi walikuwa wamebana hata moja.

Nilinunua matairi mapya ya kawaida, 2219, kwa shilingi 6,500 kila moja, pesa nilizokuwa nimeweka za kompyuta ndogo. Kabla ya kuyavaa nilifanya jaribio kwenye uwanja mtupu baada ya mvua: kilomita 40 kwa saa, breki mpaka chini, kisha kuhesabu hatua toka kwenye jiwe. Matairi ya barafu, hatua 13. Mapya, hatua 9. Najua si jaribio la haki, moja lilikuwa na miaka mitano na jingine jipya, na hatua zangu si mita. Lakini hatua nne ndizo zilizokuwa kati yangu na ile matatu.

Tatizo likawa hayo ya zamani. Fundi alikuwa na mteja, kijana wa teksi, tayari kutoa 1,500 kila tairi. Yalionekana mazuri kweli, meno yamejaa. Shilingi 6,000 wakati huo nilizihitaji sana, na mtu angeweza kusema yule dereva ni mtu mzima, ana macho. Nilikuwa na macho pia. Niliyapakia nikayapeleka Limuru, Mama akapanda maua ndani yake. Fundi alinuna, na mpaka leo akiniona huuliza maua yanaendeleaje.

Basi, misimu yote. Aina hii ilipata umaarufu Marekani kuanzia 1977, Goodyear walipotoa tairi lao Tiempo, kwa watu waliochoka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Ulaya walichelewa kidogo kulipenda, mpaka yalipokuja ya kizazi kipya kama CrossClimate ya Michelin mwaka 2015. Ni mapatano: mpira si laini sana wala si mgumu sana. Ubavuni mara nyingi utakuta M+S, matope na theluji, alama ambayo mtengenezaji hujiwekea kwa kuangalia umbo la meno tu. Ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani ndiyo ya kupimwa kweli kwenye theluji.

Binamu yangu anaendesha gari Minnesota. Nilipomwuliza juu ya misimu yote alicheka. Alisema huko ni matairi ya misimu mitatu, na ule wa nne, Januari ikifika, unatafuta matairi mengine au unatafuta mtu wa kukuvuta. Jirani yangu wa teksi anayo yenye M+S, ya mtumba, na anasema hajaona tofauti yoyote na ya kawaida, si kwenye mvua si kwenye jua. Mwingine anabeba maziwa Kinangop kwa pikapu. Huyo ndiye pekee aliyeyasifu, kwa sababu ya hiyo M. Anasema mifereji mipana inatupa matope nje, mpaka siku matope yanapoamua kukaa, hapo ni jembe na vijana wa kusukuma.

Ukiwasikiliza hao watatu unaona kwamba neno msimu halisemi kitu kimoja. Niliwahi kutengenezea chama cha wakulima programu ya kuweka rekodi za mavuno. Kwa uvivu nilichukua orodha ya misimu iliyokuwa tayari kwenye maktaba ya msimbo, minne, ukiwemo wa theluji. Mzee mmoja akaniuliza kwa adabu sana, "Na huu wa theluji, tunapanda nini?" Nilifuta orodha usiku huo nikaandika masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Tairi la misimu yote limeandikwa kwa orodha ile ya kwanza. Kwa orodha yetu, tairi la kawaida tayari ni la misimu yote. Tunachohitaji sisi ni mifereji ya kutosha kutoa maji, na mpira ambao haujazeeka.

Kwa hiyo nilimwomba yule kijana wa dukani tochi. Akaniangalia kama mkaguzi wa serikali, lakini akanipa. Yale ya misimu yote, ya bei, yalikuwa 1820. Wiki ya 18 ya 2020, zaidi ya miaka mitano yamesimama dukani! Yale ya bei nafuu yalikuwa 0725. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na liondolewe likifika 10, hata kama meno yapo. Yaani ningelipa shilingi 6,000 zaidi kununua nusu ya maisha ya tairi, pamoja na uwezo wa kupanda theluji nisiyoijua. Sidhani alikuwa ananidanganya. Hakuwahi kusoma ubavu wa tairi, kama mimi mwaka 2019. Nilimwonyesha tarakimu, akaenda kuzungukia rafu nzima na tochi yake, na nilipokuwa nalipa alikuwa bado anaita wenzake waje waone.

Nimefunga ya 0725. Ya zamani yamo kwenye buti. Jana usiku Mama alipiga simu, kuna jirani alimwambia nimebadilisha matairi, na anataka kujua nitayaleta lini, na kama haya ni ya barafu au ya kawaida. Nikamwambia ni ya kawaida. Akasema sawa, atapanda vitunguu.