Mwanya Ukionekana Mchezoni

Tunaofuatilia michezo ya mtandaoni tangu ilipoanza kuvuta maelfu ya watu tunakumbuka enzi ambazo msimamizi alikuwa polisi, mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja. Tarehe 9 Agosti 1997, katika majaribio ya Ultima Online, mchezaji aliyejiita Rainz alimuua kwa moto Lord British, mhusika wa Richard Garriott, muundaji wa mchezo wenyewe. Seva ilikuwa imezimika ikawashwa upya, na Garriott akasahau kurudisha kinga yake. Akaunti ya Rainz ikafungwa. Wasimamizi walieleza kwamba kosa lake lilikuwa la nyuma: alizoea kutumia kasoro za mchezo badala ya kuziripoti. Huenda ni kweli, lakini adhabu iliyokuja baada ya mkubwa kuuawa ilinuka kisasi, na mchezaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuyapima maelezo hayo.

Miaka 15 baadaye, Agosti 2012, Guild Wars 2 ilipotoka, baadhi ya silaha zilizonunuliwa kwa karma, sarafu ya ndani ya mchezo huo, ziliwekewa bei iliyokosewa, ya chini mno kuliko ilivyokusudiwa. Wapo walionunua chache, na wapo waliozoa mamia. Kampuni ya ArenaNet ilifungia kabisa akaunti zipatazo 3,000, na nyingine zipatazo 1,600 zikasimamishwa kwa saa 72. Kisha ikawafungulia mlango hata waliofungiwa kabisa, mradi wafute walichopata. Kwangu mimi hayo ni mageuzi makubwa, kwa sababu swali lilikuwa limehama: kuuona mwanya tu hakukutosha tena kumtia mtu hatiani, ilibidi ijulikane amechota kiasi gani. Wapo wanaoshikilia kwamba sheria ya mchezo ni programu yenyewe, na muuzaji akikubali bei, mnunuzi hana kosa. Kwa aliyenunua silaha moja nakubaliana nao kabisa, kwani kukagua bei si kazi yake. Lakini anayenunua mamia ya silaha ambazo mhusika wake hawezi kuzibeba vitani anajua fika kwamba bei ile ni makosa. Wingi wenyewe ni ushahidi, na hasara inamwangukia mwenzake aliyetafuta karma ileile kwa jasho.

Mei 2013 mtihani ukawa mgumu zaidi. Sasisho la Diablo III lilileta kasoro katika mnada: aliyeweka kiasi kikubwa mno cha dhahabu kisha akafuta mauzo alirudishiwa zaidi ya alichoweka. Dhahabu hiyo iliweza kuuzwa kwa fedha halisi. Wengi walitaka seva zirudishwe nyuma, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa njia hiyo inafuta uchafu wote mara moja. Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, ilikataa. Ilifunga mnada, ikakagua akaunti za wahusika, na mapato yaliyotokana na miamala hiyo ikayatoa kwa hospitali za watoto. Naona iliamua sawasawa: kurudisha seva nyuma kungewanyang'anya mamilioni ya wasiohusika kazi yao halali, kwa kosa lililozaliwa na wasanifu wenyewe.

Inadaiwa kwamba upole wa namna hii hualika wadanganyifu. Kisa cha makocha wa Counter-Strike kinaonyesha vingine. Kasoro iliyomwezesha kocha kuona eneo la ramani asilopaswa kuliona, hata kuwaona wapinzani, ilidumu miaka kadhaa, na walioijua walinyamaza. Mwaka 2020 ESIC, tume ya uadilifu katika michezo ya kielektroniki, baada ya kupitia rekodi za mechi, iliwaadhibu makocha 37. Adhabu zilitofautiana kwa idadi ya raundi walizotumia kasoro hiyo, na waliokiri mapema walipunguziwa. Hapo ukali haukupotea, bali ulipimwa, na mwenye kujua akapata sababu ya kusema.

Kilichobaki nyuma ni uwazi. Hadi leo mchezaji anaweza kufungiwa kwa ujumbe wa mistari miwili usiotaja alichofanya wala lini. Wasimamizi, mnazo rekodi za kila muamala: mwonyesheni mtu kosa lake, mpeni nafasi ya kujibu, na atakayewaletea taarifa ya mwanya kabla ya kuutumia mlipeni.