Chatu halishwi kama ndama

Msomaji, ukisikia kwamba nyumba moja huku Kangari imekosana kwa sababu ya chakula cha chatu, huenda ukafunga mlango kwanza ndipo usome. Tulia. Chatu mwenyewe hayuko Kangari. Yuko Minneapolis, Marekani, chumbani mwa mpwa wangu wa miaka 14. Huku kwetu yalifika maneno tu.

Huyu si yule chatu wetu wa nyanda za joto, anayeweza kupita mita nne na kumeza mbuzi. Ni wa aina ndogo, mwenyeji wa nyika kuanzia Senegal hadi Uganda, anayelala katika mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Akikomaa huwa na urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimewauza ng'ambo kwa wingi, na huko watoto huwafuga kama sisi tunavyofuga paka.

Dada yangu alikuja nyumbani na mwanawe Julai, wakakaa wiki tano. Siku ya tatu, tukiwa jikoni tumezunguka moto kwa sababu ya ukungu ule mnaoujua, mama alimwuliza mjukuu wake ni nani anayemlisha yule mnyama.

"Hakuna, Cucu. Jirani anabadilisha maji tu. Atakula nikirudi."

Mama yangu huamka saa kumi na moja alfajiri kumpa ndama maziwa kabla hata ya kufikiria kuchuma majani chai. Aliweka kikombe chini. "Mume wangu," akasema, maana kijana amepewa jina la marehemu baba yetu, "mnyama uliyemfungia hawezi kujitafutia. Ukimnyima chakula, ni wewe umemuua." Dada yangu aliinamisha kichwa. Nilijua anachowaza: kwamba mama ataamini mtoto amelelewa ugenini akakosa huruma.

Kijana hakubishana. Alileta daftari.

Nawaambia, wafugaji wengi wa ng'ombe wangeona haya mbele ya daftari lile. Chatu alinunuliwa akiwa na uzito wa gramu 68. Kila mlo umeandikwa, tarehe na uzito wake, na kila mara nyoka amewekwa kwenye mizani ya jikoni. Mwanzoni alipewa mtoto wa panya wa gramu 8, mara moja kwa wiki. Kanuni ni kwamba nyoka mchanga hupewa windo lenye uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, tena lisilozidi unene wa kiwiliwili chake mahali palipo panene zaidi. Anavyokua, windo huongezeka ukubwa lakini milo hupungua. Sasa ana mwaka mmoja na nusu na gramu 620, na hula panya wa gramu 45 kila baada ya wiki mbili. Akikomaa kabisa, mlo mmoja kwa wiki tatu au nne utamtosha.

Linganisha na ndama. Ndama wa kilo 40 hupewa lita nne za maziwa kwa siku, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake, na kesho tena, na keshokutwa. Ndama huchoma chakula ili mwili upate joto. Nyoka joto lake hulitoa nje. Chatu hukaa pale pale akivizia, na tumbo lisipokuwa na kazi hata matumbo yake hunywea, kisha hupanuka upya akimeza. Ukimlisha kila unapomhurumia hanenepi kwa afya, bali hujaa mafuta mpaka ini likadhurika.

Hapo mama alianza kuuliza maswali ya mfugaji. Je, akikataa kula? Kijana akasema hukataa mara kwa mara, hasa macho yakiwa na ukungu wa kibuluu kabla ya kujivua gamba, na madume wakubwa huweza kususa miezi kadhaa. Kwanza huangaliwa kipimajoto. Upande mmoja wa sanduku lake unatakiwa kuwa na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili 26 hivi. Akiwa na baridi, panya huozea tumboni badala ya kusagika, naye humtapika. "Basi huku angekufa Julai," mama akasema. Naam, angekufa.

Panya wenyewe hununuliwa wakiwa wamekufa na kugandishwa. Huyeyushwa wakiwa ndani ya mfuko uliotiwa katika maji ya moto kiasi, kisha husogezwa kwa koleo. Panya hai aliyeachwa humo usiku huweza kumtafuna nyoka mpaka mfupani. Panya wa ghalani hafai kabisa, kwani hujui amekula sumu gani. Baada ya mlo, nyoka haguswi kwa siku mbili.

Vijana wa jirani walipopata habari walijitolea kumtafutia mpwa wangu nyoka wa hapa hapa, bure. Nilikataa kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Miteremko hii ya Nyandarua ina nyoka wenye sumu, na isitoshe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS.

Sheria hiyo ndiyo sasa inayomnyima dada yangu usingizi. Waliporudi Minneapolis walimpima chatu, wakakuta amepungua gramu 13 tu, akala siku iyo hiyo. Mama alicheka kwenye simu. Lakini dada yangu amejenga hapa Kangari na anataka kurudi kabisa miaka miwili ijayo, naye mwanawe amesema bila chatu haji. Kumleta kunahitaji vibali vya nchi mbili, na baada ya hapo sanduku la nyuzi 32 katika kijiji ambacho stima hupotea mvua ikinyesha.

Wala si jambo la kungojea liishe lenyewe. Chatu wa aina hii huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa, na mwaka 2020 jike mmoja katika bustani ya wanyama ya Saint Louis alitaga mayai akikisiwa kuwa na zaidi ya miaka 62. Basi kabla ya kukata tiketi, dada yangu anatafuta mtu wa Minneapolis mwenye mizani, koleo, na nafasi ya panya ndani ya friji mpaka mwanawe afikishe miaka arobaini.