Kura Tatu za Mahakama ya Mwanzo

Nilizaliwa Soni, kwa wakulima wa mboga, na uhakimu nikausomea jirani na nyumbani. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, nami nilikaa madarasani mwake katika miaka yake ya mwanzo. Nilihitimu stashahada ya sheria, nikaapishwa kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Baada ya vituo vya mbali nilihamishiwa milimani, upande wa Mlalo.

Enzi zetu hakimu wa mwanzo hakuamua peke yake. Alikaa na washauri wawili, watu wazima wanaoheshimika katika eneo hilo, na kura ya kila mmoja wao ilikuwa sawa na yake. Wao wawili wakikubaliana, hukumu ni hiyo, hata kama hakimu anaona vinginevyo. Utaratibu huo ulinifunza kueleza sheria hadi ieleweke, kwa maana nisipoeleweka na washauri wangu, mdai na mdaiwa watanielewa vipi? Nao walinifunza koo, mirathi na desturi za Wasambaa.

Mashauri mazito kwangu yalikuwa ya ndoa. Kwa kawaida talaka haifunguliwi mahakamani mpaka baraza la usuluhishi lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Wakifika kwetu, kinachogombewa ni mali.

Mama mmoja alidai sehemu ya nyumba na shamba. Mumewe akajibu, "Mheshimiwa, shamba ni la ukoo, nyumba nimejenga kwa fedha zangu. Huyu alikuwa anapika tu."

Niliwaeleza washauri mambo mawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Tena kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinagusa hata mali ambayo mmoja aliingia nayo katika ndoa, iwapo imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi zao wote. Na mashahidi walikuwa wamesema wazi: matuta ya shamba lile la mteremkoni aliyachimba mama huyu, na samadi aliipandisha kichwani.

Kura zote tatu zilikwenda pamoja. Ardhi ilibaki kwa ukoo. Mama akapewa sehemu ya nyumba na fidia ya jasho lake shambani. Nikawaeleza wote wawili kwamba asiyeridhika ana muda maalumu wa kukata rufaa mahakama ya wilaya.

Kijana unayeanza uhakimu, andika sababu za hukumu yako ili hata aliyeshindwa azielewe. Nawe mwananchi, usiondoke mahakamani kabla ya kuuliza haki yako ya rufaa. Muda wake hupita upesi.