Dizeli ya Kubakiza

Mwaka 1989, wiki ile ile niliyopata leseni ya magari makubwa, nilikwenda kuomba kazi kwenye yadi mbili, zote Barabara ya Pugu, hii ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Malori ya watu binafsi yalikuwa yameshaongezeka. Tangu serikali iliporuhusu, mwaka 1984, mtu aagize bidhaa kwa fedha zake mwenyewe za kigeni, mizigo ilifurika na madereva wakatafutwa. Nilikuwa na miaka 23. Kutafutwa kunalevya.

Kwenye yadi ya kwanza mwenye mali alitoka mwenyewe kunipokea. Akanizungusha kwenye Scania moja yenye tela, akapiga mlango kwa kiganja. "Hili lako, kijana. Kesho unapakia." Mshahara ulikuwa mdogo, naye hakuficha. Dereva wake, alisema, anakula barabarani: anapewa dizeli ya kwenda Tunduma na kurudi, lita moja kwa kila kilometa mbili, itakayobaki ni yake. Ikipungua, anakatwa.

Kwenye yadi ya pili nilimkuta fundi mkuu, mzee wa Tukuyu, mikono imeiva kwa grisi. Hakutaka hata kuiona leseni. Alinipa spana akaniambia niingie chini ya tela nikaze breki.

"Shikamoo Mzee. Mimi nimekuja kuomba udereva, si ufundi."

"Marahaba, mwanangu. Basi utakaa na dereva mkubwa miezi sita, mpaka uwe vyote viwili."

Huko walilipa mshahara wa kueleweka na posho ya chakula kwa kila siku ya safari, na dizeli ilipimwa gari likitoka na likirudi. Hakuna aliyeuza hata lita. Nilimrudishia spana yake nikaenda kwenye Scania. Nyumbani walishaambiwa mtoto kapata gari. Ningewaelezaje kwamba nakaa kiti cha utingo?

Hesabu ya yule bwana niliielewa safari ya tatu. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na kuanzia Ruaha Mbuyuni barabara inapanda kweli kweli. Lita moja kwa kilometa mbili haikutosha gari lililojaa. Dereva aliyetaka kupeleka kitu nyumbani alikuwa na njia moja: kila penye mteremko aweke gia huru, gari liserereke lenyewe, injini ile kidogo tu. Wenzangu wote pale yadini walifanya hivyo. Usiku, kwenye vituo, vijana walikuja na mpira na dumu, wakalipa taslimu. Yule bwana alijua yote hayo. Mshahara aliupanga hivyo akijua.

Siku moja nilikuwa natoka Makambako na mahindi, gunia 280. Nilifika mteremko wa Kitonga jioni, nikaanza kuteremka kwa gia ndogo kama inavyotakiwa. Baada ya kona mbili nikakumbuka dizeli. Nikatoa gia.

Breki za upepo zinataka injini izunguke ndipo mtungi ujae. Injini ikiwa kwenye sailensa, upepo unaingia kidogo, na wewe kila ukikanyaga unautumia. Kona ya nne nilisikia harufu ya lainingi zinaungua. Nikatazama geji: mshale ulikuwa unashuka, unasimama kidogo, unashuka tena. Nikajaribu kurudisha gia, meno yakalia tu, mwendo ulishapita. Utingo wangu hakupiga kelele. Alishika dashibodi kwa mikono miwili akaanza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida. Sauti hiyo bado ninayo.

Upande wa mlima kulikuwa na mtaro. Nikaingiza matairi ya kushoto humo, ubavu wa gari ukasugua mwamba mita nyingi, tukasimama. Tulikuwa wazima. Gunia zilimwagika, nyani wakaja kabla ya trafiki.

Yadini nilikatwa gunia zote, taa, na ubavu wa kichwa. Leseni yangu ilikuwa imefungiwa kwenye droo ya ofisi tangu siku ya kwanza, "kwa usalama," nami niliitoa mwenyewe nikidhani ndivyo kampuni zinavyofanya. Niliendesha miezi minne kulipa deni ndipo nikarudishiwa. Nasema hapa wazi, kwa kuwa najua bado kuna vijana wanaotoa leseni zao namna hiyo: droo ile ilinifunga kuliko deni lenyewe.

Nilirudi kwa mzee wa Tukuyu nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alichukua spana ukutani akanielekeza tela. Nililala chali kwenye changarawe, yeye amechuchumaa pembeni, akanifundisha: kaza mpaka lainingi iguse dramu, kisha legeza nusu mzunguko, zungusha tairi, sikiliza. Magurudumu yote, moja moja. Tulimaliza adhuhuri, na kesho yake nikapanda kiti cha kushoto, kando ya dereva mkubwa.

Safari ya kwanza ya kurudi, yule dereva mkubwa alisimamisha gari kabla ya Kitonga haijaanza. Akashuka, akazunguka, akagusa kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja kuona lipi limepata moto. Akanywa maji. Kisha akaniambia nihamie kwenye usukani.

"Ulipandia gia gani hapa ulipokuja na gari lako?"

Nikamtajia.

"Iweke hiyo hiyo, na usiitoe mpaka tuone mto."

Ilichukua muda mrefu. Magari mengine yalitupita yakipiga honi, injini yetu ikinguruma njia nzima, mshale wa upepo umetulia juu. Tulipofika Ruaha Mbuyuni giza lilikuwa limeingia na wauza vitunguu wamewasha vibatari. Nilizima injini. Mguu wangu wa kulia haukuwa umechoka hata kidogo.