Magunia Ishirini na Madaftari Mawili



Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni hapa Babati, sweta mwilini na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, maana baridi ya Juni huku haina mchezo. Mlima Kwaraa umejitanda wingu mpaka mabegani. Baba watoto yuko chumbani, amelala kwa uchovu. Ngoja nikusimulie kilichomchosha.

Mwaka huu mimi na yeye tumeanza biashara kule Arusha. Tunanunua mchele wa Magugu, tunaupepeta, tunatoa mawe na chenga, tunaufunga kwenye mifuko ya kilo 5, halafu tunawauzia majirani, watu wa maofisini na yeyote anayetuandikia WhatsApp. Hatuna mfanyakazi, ni sisi wawili tu. Safari hii tukasema tuufuate mchele wenyewe, tuachane na dalali.

Tulipanda basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nauli shilingi 9,000 kila mmoja. Nyuma yetu kulikuwa na bibi mwenye jogoo ndani ya kikapu, na basi kila lilipofika kwenye tuta jogoo aliwika, abiria wakamwitikia kwa vicheko. Pale Makuyuni, inapokatia barabara ya kulia kwenda Karatu, Baba watoto akanikumbusha habari za James na Margaret Gibb, mtu na mkewe walioanza kupokea wageni mwaka 1972 kwenye shamba lao la kahawa kule juu. "Na wao walianza na walichokuwa nacho," akaniambia. Mpaka tunafika Minjingu alikuwa bado anapanga tutakavyonunua mashine yetu wenyewe ya kukoboa. Nilimsikiliza kwa raha. Ni miaka sijamwona akiongea hivyo asubuhi.

Tukashuka Magugu. Lo, ungeiona ile harufu! Naam, ungeiona, maana vumbi la pumba linaelea hewani na jua likilipiga linang'aa kama dhahabu. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa njia, mashine zinaunguruma, akina mama wanapepeta kwa ungo huku wakipiga soga. Mmoja wao alinishika mkono, akaniwekea punje chache kiganjani, akaniambia nizipulizie pumzi ya joto halafu ninuse. Nikanusa. Msomaji wangu, mchele ule unanukia wali kabla haujauona moto.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuligawana njia ili tuwahi: mimi mashine za upande huu, yeye za ng'ambo ya barabara. Nikampata mama mwenye mchele safi, shilingi 2,400 kwa kilo. Nikachukua magunia kumi, nikamtumia kishika uchumba cha shilingi 400,000 kwa simu. Roho yangu ikatulia kabisa. Nikavuka barabara, nikamkuta Baba watoto chini ya mti anatabasamu.

"Nimepata!" akasema.

"Hata mimi nimepata!"

"Magunia kumi."

"Hata mimi kumi."

Tukatazamana. Mtaji wetu wote ulikuwa wa magunia kumi, na sasa tulikuwa na ishirini, na watu wawili waliokwisha kupokea kishika uchumba. Yule mama nilipomweleza alicheka mpaka akashikilia kitenge chake kisidondoke. "Hamkuulizana?" Kisha akakubali tuchukue matano sasa na matano mwezi ujao. Yule mzee wa ng'ambo alifikiri kwanza, akasafisha koo, naye akakubali vivyo hivyo. Mungu awabariki wote wawili. Magunia kumi tumeyaacha pale mpaka Fuso lipite kesho.

Kutoka hapo tulipanda Noah hadi Babati, shilingi 2,000, tumebanana wanne kwenye kiti cha watatu, na hakuna aliyesema neno. Tulikuwa hatujagombana. Tulikuwa tumenyamaza tu, na wewe unajua kunyamaza kwa mke na mume kulivyo na kelele.

Njaa ndiyo iliyotuingiza kwenye mgahawa karibu na stendi, na njaa hiyo naishukuru. Perege wa Ziwa Babati, mzima, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika mdomoni kama kaukau, na ugali, mchicha na pilipili ya kusaga, yote shilingi 5,000. Mume ndiye yuko kwenye karai, mke yuko kaunta. Nikaona mume akijipakulia sahani yake, kisha, kabla hajakaa, akatoa noti mfukoni akamlipa mkewe! Nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikamsogelea yule mama.

"Dada, mwenye mgahawa naye analipia?"

"Analipia, shoga yangu. Asipolipa yeye, na mimi silipi, watoto hawalipi, jioni tunahesabu tulichokula."

Akanieleza walivyoanza. Walikuwa wakulima wa mbaazi huku Babati. Mwaka 2017 India ikabana uingizaji wa mbaazi, bei ikaanguka, magunia yakabaki yamejaa sebuleni. Wakaanza kuuza chai na chapati kwa chupa moja ya chai, pale pale stendi. Leo wana meza tisa, nilizihesabu.

Akatoa madaftari mawili chini ya kaunta. Moja limeandikwa KAZI, jingine NYUMBANI. Akanifungulia la kazi, kurasa zina madoa ya mafuta. Kitu chochote kinachozidi shilingi 50,000 lazima kiandikwe na wote wawili watie sahihi kabla fedha haijatoka. "Viti sita, ndiyo," sahihi mbili. "Friji ya mtumba, ndiyo." Halafu mstari mmoja: "Redio kubwa, hapana." Kilichokataliwa nacho kinaandikwa, na mwombaji anaruhusiwa kuomba tena baada ya wiki. Redio iliombwa ikakataliwa mara nne. Mara ya tano iko: ndiyo. Nikaisikia pale ukutani, taarab inapiga.

Niliporudi mezani nilimweleza Baba watoto, na hapo tukaongea kwa mara ya kwanza tangu Magugu. Tatizo letu, nimeona, ni kuzoeana. Nyumbani akiangalia mlango najua anatafuta viatu; nikiguna anajua chumvi imezidi. Miaka kumi na moja tumeishi kwa kuelewana bila kusema, tukadhani hata biashara itakwenda hivyo. Jina la biashara tulilisajili BRELA kwa majina yetu yote mawili, na ninafurahi tulifanya hivyo, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia mali iliyo kwa majina ya wote wawili kuwa ni yao kwa usawa, mpaka ithibitishwe vingine. Lakini karatasi ya BRELA haikupigii simu kukuuliza kama mwenzako ameshanunua.

Tukanunua madaftari mawili, shilingi 1,500 kila moja. Mimi nilichagua la maua, yeye jeusi. Kisha bajaji, shilingi 1,000, mpaka ziwani. Jua lilikuwa linazama, wavuvi wanavuta mitumbwi yao nchi kavu, na mbali kidogo kwenye magugu maji tukasikia kiboko akikoroma. Mwenye mtumbwi akatuambia tukija kesho alfajiri atatupeleka tuwaone, shilingi 20,000 kwa wawili.

Tumekubaliana kwenda. Hilo halikuwa na ubishi. Tulichobishana mpaka usingizi ukamchukua ni daftari gani liandikwe hiyo elfu ishirini: yeye anasema KAZI, kwa kuwa tumekuja kikazi. Mimi nimeshaiandika kwenye NYUMBANI, sahihi yangu iko tayari, na nimeacha nafasi ya yake.