Mstari Usiovuka Pengo

Samaki wa Kibirizi hawaendi kwa mstari ulionyooka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za giza mwalo huchangamka, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hulala ufukweni. Rejista ninayoichambua kwa tasnifu yangu ya uzamili ina mavuno ya kila siku. Kazi yangu ni kuamua mstari upinde kiasi gani.

Darasani tulianza na polinomia: ongeza kipeo, upate mikunjo zaidi. Lakini mwaka 1901 Mjerumani Carl Runge alionyesha kuwa polinomia ya kipeo kikubwa, ikipitishwa kwenye nukta zilizoachana sawasawa, inaweza kuyumba vibaya kwenye ncha. Na ncha ya kulia ndiyo kila mtu anaitazama, kwa sababu ndiyo leo.

Nimechagua splaini. Jina hilo Isaac Schoenberg aliliingiza katika hisabati mwaka 1946, kutokana na ubao mwembamba ambao wachoraji wa meli waliupinda kupata umbo. Fundi mitumbwi yeyote angeelewa: ubao hupinda, lakini una ukaidi wake. Splaini ni vipande vya mikunjo vilivyoungwa kwenye mafundo bila kuacha kona. Kwa siku za mwezi natumia ya mduara, ili mwisho wa mwandamo ukutane na mwanzo wake.

Ugumu uko mwaka 2024. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Hapo rejista ni tupu. Mstari mmoja laini hupita juu ya pengo bila kusita. Nilichora wa namna hiyo, na mwingine uliokatika, nikamwonyesha shangazi yangu anayeanika dagaa. Akaweka kidole kwenye ule laini.

“Mwanangu, hapa nani alikuwa anavua? Sisi tulikuwa tunakopa unga.”

Nimebaki na uliokatika. Vipande viwili, kabla na baada, havilazimishwi kushikana, maana swali lenyewe ni kama ziwa lilipofunguliwa mavuno yaliruka. Mstari laini ungeusambaza mruko huo pande zote mbili hadi usionekane, na miezi mitatu ya njaa ingeonekana haikuleta kitu.

Programu inaweza kunichagulia kiasi cha ulaini. Kwamba ziwa lilifungwa, lazima niiambie mimi.